Siku Mzee wa Kengele Alipoketi

Siku ile tulikuwa watu sita, na nitawataja wote, kwa kuwa baadaye kila mmoja aliikumbuka kwa namna yake. Alikuwapo ndugu yangu Njoroge, amelala juu ya magunia mawili yaliyojazwa majani makavu, mguu wake wa kushoto umeinuliwa juu ya debe. Alikuwapo mdogo wetu Nyokabi, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwapo mtu wa kampuni ya malori, aliyetoka Nairobi na mkoba wa ngozi, na dereva wake, ambaye hakuingia ndani bali alibaki nje akifuta vioo vya gari huku watoto wa kambi wakimtazama. Nilikuwapo mimi, Wanjiru, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, mkuu wa nyumba tangu nikiwa na kumi na mitatu. Na mlangoni, amesimama kwa sababu hakuwa mtu wa kuketi, alikuwapo Mzee wa Kengele.

Nimemtaja mwisho lakini ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake nililisikia likitamkwa mara moja tu, mahakamani, na halikumfaa. Huko Gatongora, upande wa Ruiru, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mzee wa Kengele kwa wakubwa, na kwa sisi wadogo alikuwa Guka, babu yetu, ingawa hatukuwa na undugu naye wowote.

Kengele yenyewe haikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha reli, kirefu kama mkono wa mtu, kilichoning'inizwa kwa waya kwenye nguzo karibu na stoo ya mbolea. Alikipiga kwa bolti kubwa ya lori, mapigo matatu ya kuamsha, kisha baada ya muda mapigo mengi ya harakaharaka ya kuita watu kazini. Sauti yake ilifika mpaka mtoni. Saa hakuwa nayo. Alisema alijua wakati kwa baridi ya nyayo zake, na mara nyingi nyayo zake zilikuwa sahihi. Mara zilipokosea, na tukachelewa sote kwa pamoja, nyapara alimjia juu mbele ya watu.

"Leo kengele yako imechelewa, mzee."

"Kengele haikuchelewa," akajibu. "Asubuhi ndiyo iliyowahi."

Hakuwa anatania. Alikuwa na uso mrefu mkavu usiocheka, na ukimtazama ulijikuta unaanza kuilaumu asubuhi.

Kutoketi kwake kulikuwa na hadithi nyingi. Wengine walisema alichomwa na mwiba zamani akiwa mchungaji, wengine walisema ni kiburi. Alikula akiwa amesimama, alivuta ugoro akiwa amesimama, na kanisani alisimama nyuma kabisa karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa. Mimi nilipomwuliza, alisema, "Nikiketi, kesi inalala."

Kwani kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ilikuwa kuamua ugomvi wa kambi. Na hapo lazima nieleze miaka ile ilivyokuwa. Watu watano wakiketi pamoja chini, hata kama wanazungumzia mbuzi, homgadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, walifika kuuliza ni kiapo gani cha waasi kinaliwa. Mikutano ya wazee ilikuwa imekatazwa. Basi Mzee wa Kengele akabuni njia yake: aliamua kesi akitembea. Mshtaki kuliani, mshtakiwa kushotoni, yeye katikati na fimbo yake, wakipita kati ya mistari ya mibuni kama watu wanaokwenda kuangalia kama kahawa imeiva. Homgadi waliona watu watatu wanatembea, wakawaacha.

Uzito wa kesi ulipimwa kwa mwendo. Kesi ya kuku ilikwisha kabla ya kufika mtoni. Kesi ya mume na mke iliweza kulizunguka shamba zima mara mbili, na watu walimwona mwanamke akirudi amebeba viatu mkononi, wakajua mambo yalikuwa magumu. Maneno yakipanda, mzee alipiga fimbo yake mara moja kwenye jiwe au kwenye shina, na hapo wote watatu walisimama. Pigo hilo moja maana yake ilikuwa: usiendelee, fikiri kwanza. Kila mtu kambini alilijua.

Na kila kesi ilianza kwa namna moja. Kila mmoja alitakiwa kutaja kosa lake mwenyewe kabla ya kutaja la mwenzake. "Weka lako chini kwanza," alisema. Nakumbuka kesi ya Mama Gathoni, ambaye mbuzi wake alikula maharagwe ya Mama Karanja yaliyoanikwa. Mimi nilikuwa nyuma yao na mtungi wa maji, nikasikia yote.

"Mbuzi ni wako?"

"Ni wangu."

"Weka lako."

"Kamba ilikuwa imechakaa," akasema Mama Gathoni. "Niliiona tangu Jumatatu."

"Na wewe?"

"Mimi sina langu," akasema Mama Karanja. "Mimi ndiye niliyeliwa."

"Tafuta."

"Nitafute wapi, Mzee, na maharagwe yako tumboni mwa mbuzi?"

"Safari ni ndefu. Utalipata njiani."

Wakatembea. Walipofika kona ya pili, Mama Karanja akasema kwa sauti ndogo, "Basi, niliyaanika njiani."

"Uwanja unao. Kwa nini njiani?"

"Ili watu waone nimevuna."

Mama Gathoni akacheka mpaka akashika shina la mbuni, na Mama Karanja, baada ya kukasirika kidogo, naye akacheka. Kabla ya kufika mtoni walikuwa wamepatana.

Aliwahi kunieleza kwamba lile la kwanza halina uzito. Ni kama mgeni anayeacha fimbo yake nje ya mlango ili wenyeji waone hakuja kupiga mtu. Kosa lako linaweza kuwa dogo, linaweza hata kuwa la kutafutwa, kila mtu anajua hivyo. Lakini ukiliweka, mwenzako mwenye kubwa anaona aibu kulificha. Nilimwona akifanya hivyo miaka minane, wala sikuona hata mara moja mtu mmoja akiweka lake na mwenzake akakosa kujibu.

Ila yeye mwenyewe hakuweka lake kamwe. Hili lazima niliseme, maana wanaomsifu hulisahau. Mkewe, tuliyemwita Cucu, alichemsha nduma siku moja kwa ajili ya wageni waliokuwa wanatoka Kiambu, akaenda kuteka maji, akarudi akakuta sufuria tupu.

"Nduma ziko wapi?"

"Zilikuwa zinaharibika."

"Nimezichemsha sasa hivi."

"Ndivyo zinavyoharibika," akasema mzee. "Zikichemshwa tu, zinaanza."

Cucu akatugeukia sisi tuliokuwa mlangoni. "Mnamwona huyu? Tangu anioe hajakosea hata siku moja. Nimeolewa na malaika, lakini malaika anakula nduma za wageni."

Watu walikuja kwake na makosa yao, wakayaweka, wakaenda zao wepesi. Yake aliyabeba mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu hakuweza kuketi, lakini hilo ni wazo langu la sasa.

Baba na mama walipotutoka, wa pili miezi minne baada ya wa kwanza, nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule wiki hiyohiyo na kuchukua kikapu cha mama cha kuchumia kahawa. Wako waliosema tugawanywe, Nyokabi aende kwa shangazi, Njoroge akachunge kwa mjomba. Nikakataa. Mzee wa Kengele hakusema tugawanywe wala tusigawanywe. Kesho yake, baada ya kupiga reli, alifika akasimama mlangoni petu.

"Maitu," akasema. Aliniita maitu, mama yangu, kwa kuwa jina langu lilikuwa la mama yake. "Mmeamka wangapi?"

"Watatu."

"Basi." Akaenda zake.

Alifanya hivyo kila siku, mvua na jua, kwa miaka minane. Hakuleta chakula mara nyingi, hakuwa nacho. Aliuliza tu tumeamka wangapi, nami nikajibu watatu, na siku ikaweza kuanza. Kuna asubuhi ambazo niliamka kwa sababu tu nilijua atakuja kuuliza.

Kitu kimoja nilichotoka nacho shuleni ni sahihi yangu. Mwalimu alitufundisha kuandika jina kwa mkato na kuchora mkia chini yake, na mimi niliandika langu kwa kijiti kwenye vumbi kila nilipopumzika. Wachumaji wenzangu walitia kidole gumba kwenye kitabu cha nyapara. Mimi niliandika. Nilikuwa na mambo machache ya kujivunia, nami nikajivunia hilo.

Sasa habari ya mguu. Njoroge alipofika miaka kumi na tisa alikuwa akipata kibarua cha siku kwenye malori yaliyobeba magunia ya kahawa kutoka Ruiru kwenda kinuni Thika. Malori hayakuwa ya shamba. Yalikuwa ya mtu mwingine wa Nairobi, na wapakiaji hawakuandikwa popote. Waliookotwa asubuhi ndio waliofanya kazi. Kinuni, lori lilirudi nyuma kuelekea jukwaa la kushushia. Mpakiaji mmoja alisimama nyuma yake kufungua ubao, na dereva hakutakiwa kusogea tena mpaka mpakiaji agonge ubavu wa lori kwa kiganja mara mbili. Siku hiyo Njoroge alikuwa bado anang'ang'ana na komeo. Hakugonga. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani upande wa pili akizungumza na rafiki yake, na akiwa katikati ya mazungumzo akarudisha lori. Goti la Njoroge likabanwa kati ya lori na jukwaa. Wapakiaji wawili waliona yote.

Mguu haukukatwa. Lakini goti halikukunjika tena, na kazi ya mpakiaji ni magoti.

Wiki ya tatu tukaambiwa kampuni itatuma mtu. Jioni ya siku iliyotangulia, Mzee wa Kengele alinichukua tukatembea mistari miwili ya mibuni.

"Kesho usianze na mguu," akasema. "Mguu atauona mwenyewe. Anza na lenu."

"Letu lipi, Guka? Njoroge hakukosa kitu."

"Tafuta. Hata dogo. Mtu asiye na lake haaminiki."

Nikatafuta, maana sikuwahi kuona njia nyingine.

Yule mtu alikuwa mpole. Hilo ndilo lililotuponza. Alisalimia kila mmoja, akamwuliza Njoroge kama analala vizuri, akauliza kuhusu wazazi wetu na akainamisha kichwa nilipomweleza. Akakubali chai. Aliketi kwenye kigoda chetu na suruali yake nzuri, akanywa chai ya moshi bila kukunja uso. Nikasema moyoni, huyu amekuja kwa kesi ya kweli, kesi ya watu.

Nikaweka letu chini.

"Sisi nasi tuna letu," nikasema. "Njoroge hakuangalia lori. Alikuwa anaangalia wasichana wanaochambua kahawa."

Njoroge akageuza kichwa juu ya gunia akanitazama. Hapakuwa na wasichana. Wachambuaji walikuwa ndani ya banda lao upande wa pili wa kinu, na hata kama angetaka kuwaona asingeweza. Nililitengeneza lile kosa dogo na la kuchekesha, kama maharagwe ya Mama Karanja, ili yule mtu acheke kidogo, aone aibu, kisha aweke lake: kwamba dereva wa lori alikuwa anapiga domo.

Akaandika. Nikangoja. Nyokabi akangoja na kijiti mkononi. Mlangoni Mzee wa Kengele akangoja.

"Kwa hiyo hakuangalia," akasema yule mtu.

"Hakuangalia."

"Vizuri." Akatusomea maneno yale kwa Kiswahili safi, yakawa ndiyo yaleyale niliyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akatoa kalamu. "Unajua kuandika jina lako, au tutumie kidole?"

"Najua," nikasema. Nikaandika, mkia na yote.

Akakunja karatasi, akashukuru kwa chai, akaenda. Tulibaki tukisikiliza gari likiteremka kuelekea barabara kuu, na kwa muda mrefu nilidhani atarudi kusema lake.

Ilipita miezi, na hakuna kilichokuja. Tukatafuta vibali kwa chifu vya kwenda Thika, mimi na Njoroge na Mzee wa Kengele, tukamwona wakili mmoja Mhindi aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Njoroge alipanda ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, akikataa kushikwa. Wakili akaandika barua kwa kampuni, na tuliporudi wiki nyingine alikuwa na nakala ya ile karatasi mezani.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Nzuri sana," akasema, na akavua miwani.

Akatueleza taratibu, kama mtu anayewaeleza wafiwa. Alisema Njoroge hakuwa mwajiriwa wa mtu kwenye kitabu chochote, hivyo njia ya fidia ya wafanyakazi tuliambiwa haiko wazi kwetu. Ilibaki kumshtaki mwenye lori kwa uzembe wa dereva wake. Na kwenye njia hiyo, sheria ilivyo, aliyeumia akionekana naye ana kosa lake lililosaidia kuumia kwake, hapati kitu.

"Anapunguziwa," akasema Mzee wa Kengele.

"Hapunguziwi, mzee. Hapati kitu."

"Kosa dogo kiasi gani?"

Wakili akaonyesha ncha ya ukucha wa kidole chake cha mwisho.

"Na la dereva likiwa kubwa kiasi gani?"

Wakili akafungua mikono yote miwili.

"Na bado?"

"Na bado."

Mzee alitembea mpaka dirishani akarudi. "Basi sheria hii inawafundisha watu kusema uongo."

"Hapana, mzee," akasema wakili, wala si kwa ubaya. "Inawafundisha kunyamaza."

Alikubali kesi hata hivyo, kwa ajili ya wale wapakiaji wawili. Kesi ikasikilizwa Thika. Mmoja wao alikuja akasema aliyoyaona, akasema vizuri. Kisha ile karatasi ikasomwa. Nikaulizwa, nikasema hapakuwa na wasichana, nilisema vile kwa heshima tu. Mkalimani akalitafuta neno la kuweka mahali pa heshima, na nikaona usoni mwake kwamba hakulipata. Wakili wetu akamwita Mzee wa Kengele aeleze desturi. Huko ndiko nilikolisikia jina lake.

Alianza kueleza vizuri, habari ya mgeni na fimbo nje ya mlango. Akakatizwa na wakili wa kampuni.

"Mzee, ulikuwapo siku ile?"

"Nilikuwapo."

"Huyu mwanamke alisema maneno haya au hakuyasema?"

"Aliyasema, lakini..."

"Aliyasema au hakuyasema?"

Mzee aliyeweza kuilaumu asubuhi kwa kuwahi, mzee aliyezilaumu nduma kwa kuchemshwa, alisimama pale akaushika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Nilijua anatafuta jibu lake moja la kukwepa, na nilimwombea alipate.

"Aliyasema," akasema.

Madai yetu yalitupwa. Tuliposhuka nje, Njoroge aliegemea ukuta kupumzisha mguu.

"Hawakuwapo wasichana," akaniambia.

"Najua."

"Basi kwa nini ulisema? Siku zote hizi nimekuwa nikijiuliza. Labda dada yangu anajua jambo ambalo mimi silijui. Labda kweli nilikuwa nimezubaa."

Ningeweza kumjibu mambo mengi. Nilichofanya ni kumwonyesha kwa kidevu Mzee wa Kengele, aliyekuwa amesimama hatua nne kutoka kwetu. "Mwulize huyo," nikasema. "Ndiye aliyenifundisha."

Alisikia. Hakupinga, hakusema asubuhi ndiyo iliyowahi. Alitangulia kuelekea stendi.

Kesho yake reli ililia kama kawaida. Akaja mlangoni, nami nilikuwa nimeuacha umefungwa.

"Maitu. Mmeamka wangapi?"

Sikujibu. Nyokabi akajibu, "Watatu, Guka." Akaja tena siku iliyofuata na iliyofuata, na kila siku Nyokabi ndiye aliyejibu. Nadhani ilichukua mwezi. Kisha akaacha kuja, na mimi nikajiambia kwamba sasa nimepumzika, jambo ambalo halikuwa kweli. Niliamka kabla ya kengele nikalala macho wazi, nikingoja hatua ambazo nilikuwa nimezifukuza mwenyewe.

Tulipopewa kibali tukahamia Kiganjo, Thika. Njoroge alijifunza kushona viatu, kazi ya mtu aliyeketi, akaifanya kwa hasira mwanzoni na baadaye kwa ustadi. Nyokabi akaendelea na shule mpaka akapita pale nilipoishia mimi, kisha akapita mbali. Mimi nikapata kazi ya kuchambua kahawa kwenye kinu kilekile, katika banda lilelile. Siku ya kwanza nilitafuta mahali ambapo mtu angeweza kutuona akiwa jukwaani. Hapapo. Ukuta umeziba pote.

Ilikuwa Jumapili, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, vibali vimeanza kulegezwa. Nilikuwa nimeweka maji ya chai motoni. Mlango ulikuwa wazi, na mtu akaziba mwanga.

"Maitu. Mmeamka wangapi?"

Alikuwa amekonda, na fimbo sasa ilikuwa inafanya kazi ya mguu. Cucu alikuwa ametangulia mwaka uliopita, na sikuwa nimekwenda kumpa pole.

"Mmoja, Guka," nikasema. "Njoroge yuko sokoni, Nyokabi yuko shuleni anakolala."

"Basi." Lakini hakuenda. Alisema reli imeshushwa, kuna king'ora sasa, kinabonyezwa na kijana mwenye saa. Alisema kijana huyo huchelewa. Kisha akasema ametoka kwa wakili wetu, juu ya duka la vitambaa.

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Huenda kila nikija Thika. Humwuliza kama ile sheria bado iko vile." Akahamisha fimbo mkono mwingine. "Ameniambia imebadilishwa. Sasa wanagawanya. Mwenye dogo anakatwa dogo, mwenye kubwa analipa kubwa. Nikamwuliza kama yenu inaweza kufufuliwa. Akasema iliyokatwa imekatwa."

Maji yalichemka. Sikuyaepua.

"Lakini sasa mtu anaweza kusema lake," akasema mzee.

Hapo akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikivuta kigoda, kilekile alichokalia mtu wa kampuni, akashuka juu yake taratibu, magoti yakilia, mpaka akaketi.

"Mimi nina langu," akasema. "Nilikuambia utafute kosa pasipokuwa na kosa. Nilijua yule si mtu wetu. Niliona kalamu mfukoni mwake tangu anashuka garini. Lakini nilikuwa nimenyang'anywa kesi zangu, nazifanya kwa kujificha kati ya mibuni kama mwizi, nikataka kuona njia yangu ikimshinda mtu wa mkoba. Niliweka mguu wa Njoroge kwenye mchezo wangu. Hilo ndilo langu, na si dogo."

Akalaza fimbo chini, akangoja.

Alikuwa na haki ya kungoja. Na kuna jambo ambalo sikuliandika pale mahali pake. Siku ile, yule mtu alipotoa kalamu, fimbo ya Mzee wa Kengele ilipiga mwimo wa mlango. Pigo moja. Kila mtu kambini alilijua pigo lile, nami nililijua kuliko wote. Nililisikia. Lakini nilikuwa nimeulizwa kama najua kuandika au tutumie kidole, na mgeni wa suruali nzuri alikuwa ananitazama, na nilitaka aone kwamba mimi si wa kidole. Kwa hiyo nikaandika, mkia na yote. Kisha miaka ile yote nikamwachia mzee mzigo wa mguu mzima.

Hilo ndilo lilikuwa langu. Lilikuwa tayari, lilikuwa limefika kooni. Yeye ambaye hakuwahi kuliweka lake hata kwa mkewe alikuwa ameliweka mbele yangu, akiwa ameketi, na kilichobaki ni mimi kusema: nami nina langu, Guka, nililisikia pigo lako.

Nikasema, "Ngoja nikumiminie chai."

Aliinywa yote. Hakuharakisha. Alinipa nafasi kama alivyompa Mama Karanja, kona ya kwanza na kona ya pili. Kikombe kilipoisha alikigeuza chini akakiweka sakafuni, akaokota fimbo, akasimama kwa shida. Mlangoni akaniwekea mkono kichwani kidogo.

"Safari ni ndefu," akasema, na akaenda.

Habari za kifo chake zilitufikia baada ya mvua za masika. Njoroge alimwambia kila mteja wake kwamba amefiwa na babu. Nilimweleza Njoroge habari ya pigo la fimbo, jioni hiyohiyo, akaendelea kushona kwa muda, kisha akasema alilisikia pia, kwamba miaka yote alikuwa akingoja niliseme. Akanisamehe. Lakini anayepaswa kupokea ni yule aliyeweka lake kwanza, na huyo aliketi mbele yangu, akangoja mpaka chai ikaisha, wala sikumlipa. Hadi leo reli ya mtu yeyote ikilia alfajiri, huwa nimekwisha kuamka, na langu bado ninalo.